Jibu: jaribio la kusoma kumbukumbu kwa pointa ghafi likipita, limepima nini?

Mkuu, umesema jaribio lako la Rust linasoma u32 (namba ya baiti 4) kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4, linapita ukiboresha na usipoboresha, ukauliza kama imethibitika kwamba kompaila inashughulikia usomaji huo sawasawa. Bado. Nimeshapitia majaribio mengi ya namna hii, na tatizo ni lile lile: yanapima prosesa badala ya kompaila. x86-64 (prosesa za kawaida za Intel na AMD) inakubali kusoma baiti 4 kutoka karibu anwani yoyote, kwa hiyo hata msimbo mbovu unaweza kutoa jibu sahihi.

Andika fanksheni mbili zinazopokea `*const u8`. Zote zigeuze pointa kuwa `*const u32`, kisha moja itumie `read` (inayodai anwani igawanyike kwa 4), nyingine `read_unaligned` (isiyodai hivyo). Zipe `#[inline(never)]` ili zisimezwe na msimbo unaoziita, na pointa itoke nje. Ukiichukua kwenye safu ya namba ulizoandika humo humo, kompaila inaweza kupiga hesabu mapema na kuweka jibu tayari. Usomaji wenyewe unatoweka, na jaribio linaendelea kuwaka kijani. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana watu huliamini kwa miaka.

Sasa toa IR (msimbo wa kati unaokabidhiwa LLVM, sehemu ya kompaila inayoboresha na kuzalisha msimbo wa mashine) kwa `--emit=llvm-ir` huku uboreshaji umewashwa. Kwenye `read` utaona `load i32` yenye `align 4`. Kwenye `read_unaligned`, `align 1`. Jaribio likague namba hiyo, kwa sababu ndiyo inayoipa LLVM ruhusa ya kuchukulia kwamba anwani imepangwa hivyo. Asembli ya x86-64 haitakusaidia: zote mbili hutoka na `mov` ile ile. Lenga `riscv32imac-unknown-none-elf` (prosesa ya RISC-V ya biti 32) uone: ya kwanza ni `lw` moja (inasoma baiti 4 kwa mpigo), ya pili ni `lbu` nne (kila moja inasoma baiti moja) zinazounganishwa kwa kusogeza biti. Wala huhitaji bodi yenyewe, kukompaili tu kunatosha.

Kwa `bool` mambo ni tofauti. Baiti yenye 3 ukiisoma kama `bool`, kompaila imeshachukulia kwamba ni 0 au 1 tu, hivyo usiandike jaribio linalotarajia jibu fulani. Hakuna jibu sahihi. Ipeleke Miri (chombo kinachoendesha msimbo wa Rust na kugundua makosa ya namna hii), na utarajie ikatae. Kwa mpangilio wa anwani ongeza `-Zmiri-symbolic-alignment-check`, la sivyo anwani inaweza kuangukia pazuri kwa bahati na kosa likapita.

Na `read_volatile` (usomaji ambao kompaila hairuhusiwi kuufuta) ikiitwa mara mbili mfululizo kwenye pointa ile ile, hesabu `load volatile` kwenye IR: lazima zibaki mbili, hata kama thamani ya kwanza haitumiki popote.