Afadhali Foleni ya SHA Kuliko Mchango wa WhatsApp

Nilipoweka picha za duka la pili, lile la Kisauni hapa Mombasa, pongezi zilimiminika, na katikati yake ukaingia ujumbe mrefu wa msomaji mmoja wa Likoni, fundi wa madera kama mimi. Amejisajili SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, akaulizwa maswali yale ya kukadiria kipato, ya paa, choo na unapikia nini, kisha akapangiwa kiwango cha mwaka mzima kilichomtoa jasho. Pesa yenyewe alikuwa ameiweka kando kwa ajili ya cherehani ya ovaloki. Mjomba wake aliye Toronto amemwambia asijisumbue: kwao serikali ndiyo inayomlipia kila mtu daktari, lakini nyonga yake imengoja operesheni muda mrefu hata amezoea mkongojo. "Sasa dada," akaniuliza, "nilipie foleni ama ninunue cherehani?"

Lipa SHA. Cherehani itangoja.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mnanijua. Najua pia kwamba nyote mnaonisoma mnataka nilichokitaka mimi: duka la pili, kiwanja Mtwapa, watoto shule nzuri, na msiombe mtu. Basi nisikilizeni kwa hilo la kutoomba mtu.

Mzee wangu alikuwa hamali. Ujana wake wote na zaidi alisukuma mkokoteni kutoka Marikiti kupandisha Mwembe Tayari, magunia ya viazi na vitunguu. Ngiri ilipomtoka kinenani hakumwambia mtu. Kila alfajiri, kabla ya kutoka, alijifunga kipande cha kanga kuukuu ya mama chini ya kikoi, akakikaza mpaka uvimbe ukarudi ndani, akashika njia. Kile kipande nimekiona. Kilikuwa kimekakamaa kwa jasho, na mahali pa fundo pamelika nyuzi zikabaki tupu.

Kituo cha afya walimwambia mapema kabisa kwamba hiyo ni operesheni ndogo, ya kupangiwa siku, mtu anaingia na kutoka. Ndogo kwa mwenye kadi. Enzi hizo NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, ilikuwa shilingi 500 kwa mwezi kwa sisi tusioajiriwa, na mzee hakutaka kuisikia. Bima, alisema, ni ya watu wa ofisi na wa bandarini. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimekodi kibaraza na cherehani ya mkono, naye ni baba, humwambii neno mara mbili.

Usiku mmoja ngiri ikakaza. Utumbo ulinaswa nje ukakataa kurudi, tumbo likafura, akaanza kutapika. Tulimpakia kwenye tuktuk tukavuka naye daraja la Nyali akiwa ameuma kilemba chake ili asipige kelele. Hospitali ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilituuliza dipoziti kabla ya kutuuliza jina. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawakusema lolote kuhusu dipoziti. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, nami nilimwambia hivyo yule dada wa dirishani, akaniangalia kama asiyenisikia. Hospitali ya pili walimpokea. Walimkata kipande cha utumbo uliokwisha kuoza. Operesheni ndogo ikawa kubwa, na bili ikakua nayo.

Kupona alipona. Kutoka hakutoka, maana bili haikuwa imelipwa. Mzee mzima, mshono umekauka, akawa analala kitanda kimoja na kijana wa watu huku askari wa geti amepewa jina lake.

Ndipo kikafunguliwa kikundi cha WhatsApp. Unavijua: picha ya mgonjwa, nambari ya mweka hazina, dua, na mikono ya kuomba. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Jirani muuza mihogo, mama mwenye mayatima, alitoa shilingi 1,000. Ami yangu mwenye nyumba za kupangisha alitoa 200, na kwenye ujumbe wa pesa akaandika "pole kwa mzee". Wiki hiyohiyo akachinja ng'ombe kwa harusi ya mwanawe. Binamu mwingine aliandika "niko pamoja nanyi" akatoka kwenye kikundi. Halati mmoja, Mungu amrehemu, alinipigia simu kuniuliza mbona mzee hakuwa na kadi, kama kwamba swali hilo lilikuwa mchango.

Daftari ninalo mpaka leo. Watu wananiambia nimche Mungu nilichome. Sijalichoma. Nikialikwa arusi hulifungua kwanza, na mtanisamehe.

Mzee hakurudi kwenye mkokoteni. Tulimaliza kulipa madeni ya bili ile muda mrefu baada ya mshono kusahaulika, na kwa pesa hizo duka la Kisauni lingefunguliwa zamani.

Turuke miaka. Bi mkubwa, mama yangu, ambaye asubuhi zote za maisha yake amepika mahamri na mbaazi za nazi Majengo, akashikwa na maumivu chini ya mbavu. Picha zikaonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Safari hii kadi ilikuwapo. Nilimsajili yeye kama kaya yake na mzee, kwa sababu SHA inamhesabu mwanachama, mwenzi wake na watoto wao. Wazazi hawaingii kwenye kadi ya mtoto, hata mtoto awe nani. Wengi hamlijui hili. Mnalipa yenu mkidhani mama amefunikwa.

Msidhani nitawaambia mambo yalikuwa laini. Dirishani kijana akamwambia aweke kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Wakamfuta kwa spiriti, wakamkausha, wakarudia. Mwanamke aliyekuna nazi na kukanda unga tangu utotoni mistari ya vidole imemwisha, na mtambo ule haukutengenezwa kwa mikono ya Majengo. Mwishowe ukakubali cha pete, mkono wa kushoto, na foleni nzima nyuma yetu ikapiga makofi. Kisha mtandao ukalala. Tulikaa hadi adhana ya adhuhuri ikapita.

Operesheni nayo alipangiwa wiki kadhaa mbele, kwa sababu wa ajali na wa uzazi hupitishwa kwanza. Wiki hizo zote amekatazwa mafuta na nazi. Mtu wa Mombasa ukimkatazia nazi umemfunga. Alilalamika usiku na mchana. Lakini siku ilifika, akapasuliwa, bili ikaenda SHA, sisi tukanunua dawa mbili tatu kwenye duka lililo nje ya geti kwa sababu kwenye la ndani hazikuwapo. Hakuna aliyefungua kikundi. Hakuna aliyemuuliza mtu mbona. Tulirudi nyumbani na tuktuk, akaulizia nazi.

Sasa tuje kwa mjomba wa Toronto. Hasemi uongo. Canada wanangoja kweli, hasa nyonga, magoti na madaktari bingwa. Mpango wao ulianzia jimbo la Saskatchewan mwaka 1962, na siku ulipoanza madaktari waligoma. Serikali haikurudi nyuma, majimbo mengine yakafuata, na sheria ya 1984 ikakataza kumtoza mgonjwa chochote kwa huduma ya lazima ya daktari na hospitali. Kila jimbo, mfuko mmoja unawalipia wote. Foleni ikawa ndefu hata mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua, katika kesi iliyotoka Quebec, kwamba jimbo hilo haliwezi kumzuia mtu kununua bima ya binafsi wakati foleni ya umma inamuumiza. Mmoja wa walioshtaki alikuwa mzee aliyengojea nyonga, kama mjomba. Uingereza, waliokuwa na huduma ya bure tangu Julai 1948, orodha ya England pekee imewahi kupita matibabu milioni 7 yanayongojewa.

Marekani hawakutaka njia hiyo kwa wote. Waliofikisha miaka 65 serikali inawalipia, kwa sheria ya 1965, na jaribu kuwaambia wazee hao warudishe kadi. Waliobaki, wengi wao ni kila mtu na bima yake ya kazini ama ya kununua, na mwaka 2023 watu karibu milioni 26 hawakuwa na yoyote. Nchi tajiri kuliko zote! Hapo ndipo watetezi wa mfuko binafsi huwa wanasema: lakini mwenye bima kule hangoji sana nyonga.

Mimi nauliza, mzee wangu alikuwa kwenye foleni gani? Alingoja operesheni yake ya ngiri miaka, na hakuna orodha iliyokuwa na jina lake. Ni sawa na kivuko cha Likoni: waliojazana pale wanaonekana, wanapigwa picha, gazeti linaandika msongamano. Aliyeko Ukunda ambaye hana nauli ya matatu ya kumfikisha kivukoni hayumo pichani, na ukihesabu utasema leo hakuna msongamano. Hesabu za kungoja za nchi yenye mfuko wa wote zinamwandika kila mgonjwa. Za nchi ya kila mtu na lake zinawaandika waliokuwa na uwezo wa kuuliza bei. Mjomba analalamika kwa sababu jina lake limeandikwa, na akiitwa hatauliziwa dipoziti.

Sisi hapa tumeshapita njia zote mbili na hatukumbuki. Mwaka 1989 serikali ilileta ada ya kuchangia hospitalini. Mwaka 2004 ikapunguzwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya, na mwaka 2013 ikaondolewa huko kabisa. SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 si mfuko mmoja kamili kama wa Canada; bima za binafsi bado zipo, na mwenye nacho bado anaruka foleni. Na ina kasoro zake. Wifi yangu mwalimu mkuu anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo, na ananikumbusha kila Idi kwamba mwenye 100,000 alikuwa akikatwa 1,700 na sasa ni 2,750. Hospitali za binafsi zimewahi kusimamisha huduma zikidai malimbikizo. Sisi wa vibarazani tunatakiwa tulipe mwaka kwa mpigo wakati pesa yetu inakuja kwa siku. Hilo la mwisho aliyelitunga hajawahi kuuza dera. Wameleta mpango wa kulipa pole pole, ni afadhali, ila nao una masharti yake. Soma kabla ya kubonyeza.

Pamoja na hayo yote, lipa. Lipa ukiwa mzima, kwa sababu ukiwa mgonjwa utalipa ukitetemeka na kila mtu atakuwa mshauri wako. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kama umepangiwa kikubwa na unaona hakikufai, lalamika, omba kikaguliwe upya, usikae nacho moyoni. Usiache kujisajili hata kama bado huna ya kulipa: zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na 3, aliyejisajili anahudumiwa bila mchango. Anzia huko, usikimbilie hospitali kuu kwa homa na kuirefushia foleni. Sajili wazazi kwa kadi yao wenyewe. Beba kitambulisho, na jaribu vidole vyote kumi. Weka kando kidogo ya dawa za nje. Na lipa ukiwa mzima, nimeshasema, nasema tena.

Msiniambie "Mungu ndiye mlinzi". Ndiye, na ndiye aliyetupa akili ya kufunga mlango. Mtu anayenunua simu ya 30,000 akasema hana ya bima, kisha akaanguka, akatutumia nambari ya mweka hazina, huyo anatutoza sisi bima yake bila kutuuliza. Nasema kwa uchungu kwa sababu daftari liko upande ule pia: nimeona nani hutoa, na kila mara ni yule muuza mihogo.

Msomaji wangu ameuliza pia kama mpango wenyewe utadumu, maana Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria zake kuwa kinyume cha Katiba kabla Mahakama ya Rufani haijasimamisha uamuzi ule, na NHIF iliyokuwapo tangu 1966 tuliiona ikiondoka. Unacholipa mwaka huu kinakulinda mwaka huu. Ukibadilishwa jina mwakani tutajisajili tena, tutapanga foleni tena, tutanung'unika tena.

Kaka yangu wa tuktuk anasema alilipa NHIF miaka yote ile hakuugua hata mafua, pesa yake imeliwa. Pesa yako, kaka, ilimlipia mwingine, na huo ndio mpango wenyewe. Najua unasoma hapa kwa siri. Nambari ya kujisajili ni *147#, na watoto uwaandike wote wanne, usimsahau wa juzi.