Ukihama mtoa huduma wa intaneti, ziache IP zake

Mkuu, umeuliza kama kampuni yenu, ikihama mtoa huduma, ina haki ya kuondoka na IP nane alizowapa, yaani anwani za namba zinazoitambulisha mitambo yenu kwenye intaneti, kwa kuwa mmezilipia miaka sita na wateja wanazijua. Mwaka 2016 nililia kilio hichohicho.

Nilikuwa fundi wa ofisi ya wakala wa forodha Kurasini. Mtoa huduma tuliyemkimbia alikataa kutuachia anwani, nikaona ni roho mbaya. Tukabadili laini Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi tawi la Tunduma kimya. Ruta yao, kifaa kinachoelekeza mawasiliano ya mtandao, ilikuwa na IP ya zamani ya makao makuu, imeandikwa kwa tarakimu, na aliyekuwepo ofisini ni dada wa nyaraka ambaye hajawahi kuigusa ruta. Nikamsomea namba kwa simu, moja moja, yeye anarudia, nyuma yake nasikia madereva wanauliza karatasi zao. Saa moja na nusu. Benki ndiyo ilituumiza zaidi: mfumo wao ulikubali IP ya zamani peke yake, kubadilisha kunataka barua yenye muhuri, tukakaa siku nne bila kulipa ushuru kwa mtandao. Baruapepe nazo zikawa zinarudishwa, kwa sababu IP mpya ilikuwa haijaunganishwa na jina la seva yetu.

Pamoja na yote hayo, leo nasema alikuwa sahihi kukataa.

Watu wanalinganisha na namba ya simu, ambayo Tanzania tunahama nayo tangu 2017. Simu ikipigwa, mtandao huuliza kwanza kwenye kanzidata namba hii sasa iko kwa nani. IP haiulizwi hivyo. Iko karibu zaidi na sanduku la posta: ukihamia Mwanza, sanduku la Dar hulibebi. Mtoa huduma huitangazia dunia fungu lake zima la anwani kama njia moja, na ruta kubwa zote hubeba orodha ya njia hizo kichwani. Kila mteja akimega kipande chake aondoke nacho, orodha inavimba kwa wote. Tarehe 12 Agosti 2014 ilivuka njia 512,000, na ruta za zamani zilizotengewa nafasi ya kiasi hicho zikayumba, intaneti ikasumbua nchi nyingi. Tena mitandao mingi haipokei njia ya fungu lililo chini ya anwani 256. Hizo nane zenu zingeishia mlangoni.

Mwaka 2004 mahakama moja ya New Jersey, Marekani, ilitoa amri ya muda iliyomruhusu mteja kuondoka na IP za mtoa huduma wake. Mafundi wa mitandao walipiga kelele sana kuipinga, na mimi niko upande wao.

Ila hofu yako ya kushikwa mateka naielewa kabisa. Dai muda, usidai anwani. Mkataba useme laini ya zamani itabaki hai angalau siku 30 baada ya mpya kuwaka. Ondoa tarakimu kwenye ruta za matawi, weka majina. DNS ndiyo mfumo unaogeuza jina kuwa IP; muda ambao jibu lake hukumbukwa ushushe kutoka sekunde 86,400 hadi 300, na ufanye hivyo siku mbili kabla, siyo usiku wa kuhama. Barua ya benki ipeleke wiki mbili kabla. Kama mna watoa huduma wawili na seva nyingi, ombeni fungu lenu wenyewe AFRINIC, shirika linalogawa IP Afrika; hilo husajiliwa kwa jina lenu, mnahama nalo kwa mtoa huduma mwingine.

Mwaka 2021 tulihama tena kwa mtindo huo. Tunduma hawakujua mpaka nilipowaambia.

Seva yenu ya baruapepe iko ofisini au mmeikodi nje? Nijibu hapa, kama iko ofisini kuna la kuomba kwa mtoa huduma mpya kabla hamjasaini.