Maswali na Majibu: Bidii ya Maombi Haipimwi kwa Spika

Kwetu wanasema ombi la kimya halina nguvu. Mimi siwezi kupiga kelele. Mungu ananisikia kweli? (Dada, Mbeya)

Anakusikia, dada yangu. Soma 1 Samweli 1. Hana alikwenda Shilo na uchungu wa utasa, juu yake masimango ya mke mwenzake. Aliomba akilia, midomo inacheza, sauti haitoki, hata kuhani Eli akadhani amelewa na kumkemea. Hana akamjibu, "nimemimina roho yangu mbele za Bwana." Samweli alizaliwa kutokana na ombi hilo ambalo hata kuhani hakulisikia.

Sasa fungua 1 Wafalme 18. Manabii 450 wa Baali walipaza sauti tangu asubuhi, wakajikatakata kwa visu, wasijibiwe. Ombi la nabii Eliya pale Karmeli ni mistari miwili tu, akajibiwa, na Eliya huyo ndiye Yakobo anayemtaja kuwa aliomba kwa bidii. Sipingi kulia kwa sauti: Bartimayo alipaza yake, na walipomnyamazisha akazidi. Ninachopinga ni kumhukumu muumini kwa sababu hapigi kelele. Tunawavunja moyo watu wa Mungu.

Saa tisa usiku ndiyo saa ya kujibiwa?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Hapana. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, madirisha wazi.

Mtumishi anataka nitume "mbegu", yaani fedha ya sadaka, kwa simu kwanza, ndipo aniombee. Nitume?

Usitume hata shilingi. Anayekutoza kabla ya kukuombea anauza, na Petro alishamwambia Simoni wa Samaria, aliyetaka kununua kipawa cha Mungu, fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8). Sadaka toa kanisani kwako, kwa hiari.

Nimefunga mara nyingi kwa ajili ya biashara yangu, sioni jibu. Nifunge kavu, bila chakula wala maji, siku ngapi?

Kabla ya kuhesabu siku, niambie: binti anayekusaidia dukani umemlipa mwezi uliopita? Isaya 58 inawataja watu waliolalamika kwamba wamefunga na Mungu haoni, kumbe siku hiyohiyo ya kufunga walikuwa wakiwalemea wafanyakazi wao. Mlipe, kisha urudi kuomba.

Kufunga kavu kwa siku nyingi, usithubutu. Mwenye kisukari, mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kabisa. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba njaa itawafikisha kwa Yesu. Wamo watoto wengi. Mtu akikufundisha hivyo, toka hapo na umripoti.

Naomba lakini moyo mkavu, narudia maneno yaleyale. Ni unafiki?

Unafiki ni kuomba ili uonekane, na wewe unajificha kwa aibu. Gethsemane Bwana aliomba mara ya tatu kwa maneno yaleyale (Mathayo 26:44). Mwambie ukweli: "Bwana, leo sina hamu hata ya kuongea nawe." Hilo ni ombi. Zaburi 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na imo katika Biblia yako. Paulo naye anasema hatujui kuomba itupasavyo, Roho hutuombea kwa kuugua (Warumi 8:26).

Kama ukavu huo umekuja pamoja na kukosa usingizi na kushindwa kula, mwone daktari. Akikuandikia dawa, meza, hata kama umeshaombewa.