Usawa katika uwakili Uingereza: jibu kwa wadogo zangu mlioko nyumbani

Mdogo wangu mmoja aliyemaliza Shule ya Sheria pale Dar ameniuliza, na wenzake wakamuunga mkono: matangazo ya kampuni za uwakili za Uingereza yamejaa nyuso nyeusi na ahadi za usawa, je, mtu kama sisi anapokelewa kweli, au ni picha tu?

Sheria iko upande wako, lakini kuingia bado ni kugumu, na kinachokwamisha si rangi peke yake. Ni rangi pamoja na kukosa pesa na kukosa wa kukushika mkono.

Usawa wa hapa haukuletwa na huruma ya mtu. Wanawake walizuiwa kuwa mawakili mpaka sheria ya 1919 ilipoondoa zuio hilo, na solisita wa kwanza mwanamke, Carrie Morrison, akaandikishwa 1922 (solisita ni wakili wa hapa anayewashauri wateja na kuwaandalia kesi). Leo wanawake ni zaidi ya nusu ya masolisita. Sheria ya Usawa ya 2010 inamkataza mwajiri kukubagua kwa rangi, jinsia, dini, umri, ulemavu na mengineyo. Mamlaka inayowasimamia masolisita nayo huzitaka kampuni zikusanye na kutangaza takwimu za watu wao, na hapo ndipo ukweli hujitokeza: kwa wanaoanza kazi utaona watu wa kila asili, lakini ukipanda hadi kwa wabia, yaani mawakili wenye hisa katika kampuni kubwa, weusi ni wa kutafuta. Linda Dobbs, mzaliwa wa Sierra Leone, alikuwa jaji wa kwanza asiye mzungu katika Mahakama Kuu, na aliteuliwa 2004. Chama cha Wanasheria cha hapa, cha masolisita, kilipata rais wake wa kwanza mweusi, Stephanie Boyce, mwaka 2021. Nilifurahi mno siku hiyo, lakini ebu fikirini: 2021!

Mimi nashughulikia kesi za uhamiaji, Birmingham. Nikifika kwenye baraza la rufaa na faili mkononi, hadi leo naulizwa kama mimi ndiye mkalimani, au kama nimekuja kwa kesi yangu mwenyewe. Mwaka 2020 wakili kijana, Alexandra Wilson, alieleza hadharani jinsi alivyodhaniwa mshtakiwa mara tatu katika siku moja mahakamani, na uongozi wa mahakama ukamwomba radhi. Sisi weusi tulio kwenye kazi hii hatukushangaa. Inachosha sana kuingia kumtetea mtu wakati nguvu zako umeshazimalizia mlangoni.

Hata hivyo kilichonichelewesha zaidi ni kingine. Zamani ili uwe solisita ulihitaji mkataba wa mafunzo wa miaka miwili, na kampuni ndizo zilizoamua nani aupate. Uliwaendea kirahisi zaidi vijana ambao wazazi wao waliweza kuwalipia pango la London wakati wa likizo, wakajitolea ofisini bila mshahara na kujuana na wakubwa. Mimi likizo nilikuwa naosha wazee na kupanga mizigo ghalani. Kwenye usaili mmoja niliulizwa kwa nini sionyeshi kuipenda sheria. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tangu Septemba 2021 kuna SQE, mtihani wa kufuzu usolisita, na ile miaka miwili unaweza kuikusanya katika ofisi hadi nne, zikiwemo kliniki za msaada wa sheria. Nawajua wasaidizi wa kisheria waliokuwa wamekwama kwa miaka na sasa ni masolisita. Tatizo ni ada: mtihani peke yake ni zaidi ya pauni 4,000, masomo hayajahesabiwa. Kampuni kubwa huwalipia vijana ambao zimeshawachagua. Wengine hujichangisha wenyewe.

Msidhani nalalamikia vyeo tu. Mama mmoja wa Bukavu alikuwa amehojiwa mara nyingi na maelezo yake yakaonekana yana mapengo. Aliposikia Kiswahili changu, na kuona niko peke yangu, mwanamke mwenzake, alisimulia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mwanamume yeyote ofisini. Rufaa yake ilijengwa juu ya maelezo hayo. Kazi hii ikiachiwa watu wa aina moja, wanaoumia ni akina mama kama yule.

Kwa hiyo njooni, lakini kwa mpangilio. Kwanza apishwa uwakili hukohuko nyumbani. Wakili aliyekwisha kusajiliwa nje hadaiwi ile miaka miwili, na mwenye uzoefu wa kutosha anaweza kuomba asamehewe sehemu ya mtihani. Awamu ya kwanza ya mtihani hufanyika pia katika vituo vilivyo nje ya Uingereza, basi ifanye kabla hujauza kiwanja cha mzee. Viza ni mlima wake wenyewe, na cheti cha SQE hakikupi viza. Mwajiri akikuahidi kukufadhili, taka ahadi hiyo kwa maandishi kabla hujakata tiketi.