Meno ya kahawia: ni maji kweli?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina watoto watatu. Wa kwanza nilimzaa Tanga, tukahamia huku akiwa na miaka 9. Meno yake meupe. Wa pili kazaliwa hapa, ana miaka 8, meno ya mbele yana madoa ya kahawia. Wa tatu bado ananyonya. Watu wanasema ni maji. Mbona shemeji yangu, aliyehamia ukubwani, anayanywa miaka yote na hana doa? Na jirani yangu anakinga maji ya mvua, lakini watoto wake wana madoa!
– Mama wa watatu, Maji ya Chai, Arusha

JIBU: Marahaba, mama. Shemeji yako hapingi habari ya maji, anaithibitisha. Floridi, madini yaliyomo kwenye maji ya huku, huharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, na kazi hiyo, ukiacha magego ya mwisho, huisha kwenye miaka 8 hivi. Yeye na mwanao wa kwanza walifika na meno yaliyokwisha kukamilika. Ingekuwa rangi inayoshika kwa nje, kama chai kwenye kikombe, wote wangekuwa nayo.

Jirani ndiye mwenye kesi. Muulize, makande anayalainisha kwa kitu gani? Magadi mengi ya huku yana floridi, mengine nyingi ajabu. Watafiti wa miaka ya 1990 walikuta watoto wenye madoa hata mahali ambapo maji yana floridi kidogo, na magadi yakaonekana kuchangia. Anayepima kisima asiulize habari za jikoni atabaki anashangaa tu.

Ushahidi ninaoupenda mimi unatoka Oakley, mji mdogo wa Idaho, Marekani. Wazazi walichoka na madoa, mwaka 1925 wakabadilisha chanzo cha maji, ilhali floridi haijashukiwa bado, mkemia H. V. Churchill aliigundua kwenye maji ya namna hiyo mwaka 1931. Waliozaliwa baada ya bomba jipya waliota meno safi, wakubwa wao wakabaki na madoa yao.

Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki. Chujio la mkaa wa mifupa linasaidia, na kituo cha Ngurdoto, kinachoshughulikia kuondoa floridi kwenye maji, si mbali na kwako. Huyo mchanga endelea kumnyonyesha, maana floridi haipiti sana kwenye maziwa ya mama. Akianza uji, upike kwa maji ya mvua, na chakula chake kisiguswe na magadi.