Usikubali kadi ya Winning Eleven ifomatiwe kabla hujainakili

Mpigie simu fundi wako usiku huu umwambie kwamba kesho asije. Umeandika kwamba umeikuta mashine yenu ya PlayStation ya kijivu kwenye stoo ya wazazi, pamoja na CD ya Winning Eleven 2002, ile gemu ya mpira, na memori kadi moja ya kuhifadhia gemu, kwamba gemu ikiwaka inaleta maandishi ya Kijapani kuhusu kadi, na kwamba fundi ameshauri kadi ifomatiwe, yaani iandaliwe upya kama kadi tupu, ili ianze upya. Umeuliza pia namna ya kuunganisha mashine na televisheni mpya, toleo la kumwanzishia mwanao wa miaka minane, na kama kuicheza gemu hiyo kwenye simu kunaleta ladha ileile. Hayo yanaweza kusubiri mwaka mzima bila madhara. Kadi haiwezi, kwa sababu ushauri uliopewa ndio uleule niliopewa mimi mwaka 2016, na nilichopoteza usiku ule sijakipata tena.

Ni vyema ujue kwanza kilichokuwa ndani ya kadi yangu, maana naamini ndani ya yako kuna kitu kinachofanana nacho na umekisahau. Nimekulia Ngamiani, Tanga. Gemu tuliyoianzia ni hiyo hiyo Winning Eleven 2002 ya PlayStation ya kwanza, na ndiyo iliyonitia mapenzi ya mfululizo wote, mapenzi ambayo yamenifuata kwenye PES (Pro Evolution Soccer, jina la mfululizo huohuo kwa Kiingereza) zote za PlayStation 2 na hadi mwaka 2021, watengenezaji wake Konami walipolibadilisha jina na kuuita eFootball. Mfululizo wenyewe ulianza Japani mwaka 1995 kwa gemu ya ligi yao ya J.League, sisi tuliudandia njiani, kwenye kibanda cha gemu ambako mechi moja ilikuwa shilingi mia na aliyefungwa alimpisha mwenzake pedi. Kila kitu kilikuwa kwa Kijapani. Menyu tulizikariri kwa kuhesabu mistari: shuka mara tatu, bonyeza duara, shuka mara moja, bonyeza duara tena. Roberto Carlos tulimtambua kwa upara na namba 6 mgongoni. Mtangazaji tulimwigiza neno kwa neno bila kujua anasema nini, na hadi leo nikisikia Kijapani popote nahisi kwamba kuna mtu anakaribia kufunga bao. Lenzi ya mashine ilipochoka, mwenye kibanda aliigeuza juu chini ili isome CD, nasi tulidhani kwamba PlayStation zote duniani huchezwa zikiwa zimelala kifudifudi.

Baadaye baba yangu alininunulia mashine iliyotumika, na kadi moja. Tulikuwa marafiki sita. Siku moja tuligundua kwamba kwenye sehemu ya kuhariri wachezaji kuna ukurasa wa herufi za Kilatini, na kuanzia hapo tulifuta majina ya timu nzima, tukaandika ya mtaa wetu. Sisi sita tulikuwa viungo na washambuliaji. Nafasi zilizobaki tuliwapa watu wa barabara yetu: mwenye duka alicheza beki wa kati kwa sababu hakuna aliyewahi kupita dukani kwake bila kulipa deni, na mzee aliyekuwa akiuza chapati pale kona tulimweka golini. Kimo cha kila mmoja tulikipima kwa chaki ukutani, na tulibishana jioni mbili kuhusu sentimita moja. Rafiki yetu aliyetumia mguu wa kushoto tulimwekea mguu wa kushoto. Mzee wa chapati tulimchagulia ndevu kwa uangalifu mkubwa, tukabadilisha mara nyingi hadi sote tukakubali kwamba sasa ni yeye. Kisha tukaiingiza timu hiyo kwenye Master League, ile ligi ya gemu inayochezwa msimu baada ya msimu, na tukaicheza kwa zaidi ya miaka miwili, kwa zamu, kila matokeo yakihifadhiwa kwenye kadi ile.

Mzee wa chapati alifariki mwaka 2009. Mimi sina picha yake hata moja, na wenzangu pia hawana. Mahali pekee ambapo sisi sita tungeweza kumwona tena palikuwa mle ndani ya kadi, golini, na ndevu zake.

Sikukuu ya Idi mwaka 2016 tulikutana Tanga sote sita kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja; mmoja alikuwa ametoka Muscat anakofanya kazi. Mashine nilikuwa nimeitoa nyumbani kwa mama siku mbili kabla, na nilipoijaribu gemu ilileta ujumbe kama huo unaouona wewe. Nikampelekea fundi ambaye kwa televisheni na redio nilimwamini kabisa. Aliitazama kadi, akaigonga gonga kwenye meza, akasema kwamba betri ya ndani imekwisha na kwamba nikiifomati itaamka pamoja na vitu vyake vyote. Aliyasema kwa uhakika wa daktari anayesoma majibu ya maabara. Nilirudi nyumbani, nikawaita wenzangu wakae mbele ya televisheni, na mbele ya macho yao nikabonyeza duara.

Mkuu, kadi ya PlayStation haina betri. Data zake zinakaa kwenye chipu ya flashi ambayo haihitaji umeme ili ikumbuke, na ndiyo maana kadi za miaka ya tisini bado zinasomeka leo. Zenye betri ni kaseti nyingi za Game Boy, ile mashine ya gemu ya mkononi, kama zile za Pokémon za mwanzo, ambazo betri yake ikifa kumbukumbu nayo inakufa. Yule fundi alichukua ugonjwa wa mashine moja akautibu kwenye mashine nyingine, na hakuwahi kusema maneno mawili ambayo fundi mwaminifu huyasema kila siku: sina uhakika. Nilimrudia baada ya sikukuu. Alinijibu kwamba kadi ilikuwa imekufa tangu awali, kisha akataka kuniuzia nyingine. Hasira yangu juu ya jibu hilo haijaisha, na sioni sababu ya kuificha. Mtu akikuletea kitu kilichobeba miaka ya utoto wake, usimwambie afute ili uonekane unajua.

Kilichokuwa kimeharibika kwenye kadi yangu ni uchafu tu. Tanga ni pwani, hewa ina chumvi, na vile vipande vya shaba vinavyogusana na mashine vilikuwa vimeshika ukungu wa kijani. Mashine ikishindwa kuisoma kadi vizuri huidhania kwamba haijafomatiwa, na kwa nia njema kabisa inakuuliza kama ungependa iifomati. Hilo ndilo swali lililopo kwenye skrini yako. Majibu yake ni mawili: lenye alama mbili, はい, husomwa "hai" na maana yake ni ndiyo, lenye alama tatu, いいえ, husomwa "iie" na maana yake ni hapana. Ni ajabu ya lugha kwamba neno lililoiua kadi yangu husomwa "hai". Zingatia pia kwamba kwa desturi ya gemu za Kijapani duara ndiyo kukubali na X ndiyo kukataa, kinyume cha PES za Kiingereza tulizozizoea baadaye, ambazo X ndiyo kukubali. Ukiwa na haraka, kidole chako kitakudanganya.

Nimesema kwamba nilibonyeza duara, lakini hilo halikuwa kosa kubwa kuliko yote, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Kadi ina bloki 16, yaani vyumba 16 vya kuhifadhia data. Moja inatumika kuandikia orodha ya yaliyomo, na 15 zinabaki kwa ajili yako. Mashine ikifomati, inaiandika upya ile bloki ya orodha. Bloki nyingine zinabaki na data zake, kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo huku sura zake zote zikiwa bado zimo. Kwa hiyo baada ya kubonyeza, timu yetu ilikuwa bado imo ndani ya kadi. Mzee alikuwa bado yupo golini. Kama ningeichomoa kadi dakika ile na kuifungia kabatini, mtu mwenye kifaa cha kunakili kadi nzima, bloki kwa bloki, angekuwa na nafasi nzuri ya kuijenga ligi yetu upya.

Badala yake tuliona kadi imefunguka ikiwa tupu, tukahuzunika, halafu mmoja wetu akasema kwamba basi tuanze ligi mpya kwa kuwa tumeshakutana. Tukaanza. Tukacheza hadi adhuhuri ya siku ya pili, na kila baada ya mechi tulihifadhi. Kila tulipohifadhi tuliandika juu ya yale yaliyokuwa yamesalia. Habari ya bloki niliifahamu baada ya mwezi mmoja na zaidi, na nilipopata nakala kamili ya kadi na kuichunguza, nilikuta ligi ya usiku wa Idi na nafasi tupu. Tuliifuta timu yetu wenyewe, sote sita, tukiwa tunacheka.

Wapo watakaosema hapa chini kwamba haya yote ni kwa sababu ya gemu tu. Nendeni kwanza kwa shabiki wa Coastal Union, timu yetu ya Tanga, mkamwambie kwamba ule ni mpira tu, mkirudi salama tutazungumza.

Kwa hiyo fanya hivi. Zima mashine na uchomoe kadi. Chukua spiriti kali, ile ya asilimia 90 na kuendelea, lowanisha nayo kidogo kijiti cha pamba, usafishe vile vipande vya shaba vya kadi hadi pamba itoke ikiwa nyeupe, kisha iache ikauke kabisa. Usitumie maji, usikwangue kwa kisu, na usiigonge mezani kama alivyofanya fundi wangu. Washa mashine bila CD ndani, ili isikuletee gemu bali ikuletee ukurasa wake yenyewe, na humo ufungue sehemu ya MEMORY CARD, ambayo inakuonyesha picha ndogo za vilivyohifadhiwa. Ijaribu kadi kwenye tundu la kwanza, ikikataa ijaribu kwenye la pili, kwa kuwa huenda uchafu uko kwenye tundu wala si kwenye kadi. Rudia usafi mara tatu au nne kabla ya kukata tamaa. Wakati wote huo, swali lolote la kufomati lijibu hapana.

Picha zikionekana, usikimbilie kucheza. Nakili kwanza. Njia rahisi kuliko zote ni kuazima kadi nyingine ya PlayStation ya kwanza na kunakili kila kitu kutoka tundu moja kwenda jingine kwenye ukurasa huohuo. Mwenye PlayStation 2 anaweza kuitumia pia, kwa kuwa inasoma kadi hizi na inaweza kuhifadhi faili zake hata kwenye kadi yake ya megabaiti 8, ingawa gemu ya zamani haiwezi kuzisoma zikiwa humo. Mwenye PlayStation 3 atafute ile adapta ya memori kadi iliyotengenezwa na Sony, inayochomekwa kwenye USB. Ukishaingiza faili kwenye PlayStation 3 unaweza kuzitoa kwa flashi na kuzifungua kwenye kompyuta kwa programu iitwayo MemcardRex. Endapo kadi imeshafomatiwa kabla hujausoma ujumbe huu, adapta hiyo haitakusaidia, kwa sababu inahamisha faili zilizo kwenye orodha tu. Hapo utahitaji mtu anayejua kutumia kifaa kidogo cha kielektroniki kiitwacho Arduino chenye programu ya MemCARDuino, ambacho kinasoma kadi yote, pamoja na bloki ambazo orodha inadai ni tupu. Lakini hata yeye hataweza lolote ikiwa umehifadhi kitu kipya juu yake.

Na tafadhali usishawishiwe kununua kadi kubwa za bei rahisi zinazodai kubeba mara kumi ya kadi ya kawaida ili uhamishie humo nakala yako ya pekee. Kadi hizo zina sifa mbaya ya kupoteza data, na mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa moja ambayo haikumaliza wiki mbili. Kadi mbili ndogo za asili zinatosha, moja ikae kwako na nyingine kwa ndugu.

Kuhusu televisheni, ikiwa haina matundu ya waya wa njano, tafuta kigeuzi cha kwenda HDMI. Si jambo la kuumiza kichwa. Picha itakuwa na ukungu kidogo, na mwanao hatajali.

Fundi wako anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Wangu pia nilimwona hivyo. Mwambie tu kwamba kadi haiguswi hadi iwe na nakala mbili, na akikasirika mwache akasirike. Ukishazifungua zile picha, tuandikie hapa majina mliyoyaandika kwenye timu yenu. Nitarudi kuangalia kesho asubuhi na tena jioni.