Asidi mpya haifufui betri iliyokufa

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina Hiace iliyokuwa matatu, nimeigeuza nyumba ya kulala: kitanda, friji ndogo ya kompresa, feni, taa, pampu ya maji na inveta ya kuchajia kompyuta. Juu kuna sola ya wati 150, na betri ni N70 moja, iko chini ya kitanda. Kila baada ya miezi miwili mimi na mke wangu hutoka Malindi, tukaiacha gari Mokowe chini ya mwarobaini, tukavuka kwenda Amu (Lamu) wiki mbili. Tukirudi betri haina kitu. Hii ni ya tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu. Fundi wa karibu na stendi aliniambia asidi imekufa, akaimwaga yote na kutia mpya. Ikafanya kazi siku tatu. Mwengine anasema nitie haluli. Nitie, au niongeze N70 nyengine ubavuni?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Haluli mwachie mwenye tumbo. N70 nyengine pia usinunue, na sababu yake nitakupa. Ila kwanza hiyo asidi, maana hakuna wiki inayopita bila mtu kuja na betri aliyouziwa asidi yake upya.

Asidi ya betri haifi wala haikauki. Kinachopungua mle ndani ni maji: mengine yanageuka gesi wakati wa kuchaji, mengine yanakwenda na joto. Asidi yenyewe inahama tu. Betri ikitumika, inaingia kwenye pleti za risasi na kushikamana nazo, na majimaji yanayobaki yanakuwa mepesi. Ukichaji, inatoka kwenye pleti na kurudi majini. Kwa hiyo fundi anapochovya haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, akaona 1.120, yaani majimaji mepesi, asidi ipo, imo kwenye pleti, inangoja chaja. Ikingojeshwa wiki mbili kwenye joto, ile chembe laini iliyo juu ya pleti inageuka fuwele ngumu ambayo chaja haiitoi tena. Hapo ndipo betri zako zote tatu zilipofia. Kilichokufa ni pleti.

Sasa mbona ilifanya kazi siku tatu? Kwa sababu volti ya seli iliyotulia inafuata uzito wa asidi. Chukua uzito wa haidromita, jumlisha 0.84, unapata volti ya seli moja. Asidi mpya ya 1.280 inakupa 2.12, mara seli sita, ni volti 12.7. Mita inasoma betri iliyojaa, na pleti ndani hazina nguvu yoyote. Ni kuijaza chemli mafuta mapya na utambi umeungua. Fundi anakuonyesha mita, wewe unalipa, na friji inakupa jibu la kweli usiku wa tatu.

Ingekuwa ni hasara ya pesa tu, ningenyamaza. Lakini betri hiyo ikija kupata chaji nzuri, asidi ya zamani iliyo kwenye pleti inatoka na kuungana na mpya, uzito unapita 1.300, na asidi kali namna hiyo inakula pleti na vitenganishi vyake. Tena kuipindua betri kunatikisa tope la risasi lililotulia chini. Likikwama kati ya pleti, seli inapiga shoti, ndiyo ile betri inayoganda kwenye 10.5 hata uichaji kutwa. Haluli nayo ni magnesi salfeti: inapandisha haidromita bila kuleta asidi, na fuwele ngumu zinabaki palepale. Ni kuidanganya mita kwa njia rahisi zaidi.

Kinachotiwa kwenye betri, maisha yake yote, ni maji ya betri yasiyo na asidi. Dukani soma lebo, maana chupa mbili zinakaa rafu moja na muuzaji zote anaziita "maji ya betri". Maji ya kisima cha pwani usiyaguse, yana chumvi na chokaa. Tia baada ya kuchaji, yafunike pleti kwa milimita 10 hivi. Ukikuta pleti ziko wazi, zifunike kidogo tu kwanza, chaji, kisha ongeza. Ukijaza kabla ya kuchaji itafura na kumwagika kwenye mbao za kitanda chako.

Turudi kwenye gari lako, ingawa hesabu yenyewe ingekuambia. Friji ya wati 45, kwa joto la Malindi, kompresa inafanya kazi zaidi ya nusu ya siku. Weka ampea-saa 50 kwa saa 24. Feni usiku kucha ni 10. Taa na pampu, 5. Hiyo ni 65. N70 ina takriban 70 ikiwa mpya, na ukitaka iishi usishushe chini ya nusu, yaani una 35 za kutumia. Sola yako kwa siku ya jua zuri inarudisha 40 na kidogo. Hata kabla hamjafika Garsen betri ina deni.

Na N70 ni betri ya kuwashia injini. Pleti zake ni nyembamba na nyingi, zimeundwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache kisha altaneta, jenereta ya injini, izijaze papo hapo. Ukizitumia kuendesha friji usiku kucha, zinamomonyoka. Unayohitaji ni betri ya kazi ya polepole, ya pleti nene, ile inayouzwa kwa ajili ya sola.

Halafu hapo Mokowe. Friji nadhani mnaizima. Inveta je? Inveta iliyowashwa bila kuchomekwa chochote inaweza kunywa ampea 0.6. Kwa siku ni 14, kwa wiki ni karibu 100, na sola iliyo chini ya mwarobaini haitoi hata robo ya nguvu yake. Kivuli cha tawi moja kinatosha kuiangusha paneli nzima. Kabla ya kupanda boti, toa kila kitu frijini na uache mlango wazi kidogo, zima matumizi yote kwa swichi kuu, lakini kontrola ya sola, kile kidhibiti cha chaji, ibaki imeungwa kwenye betri. Gari liegeshwe juani. Litakuwa na joto ndani, ndiyo, lakini betri iliyojaa inavumilia joto kuliko iliyo nusu.

Kuna jambo hukuliuliza. Barabara yote ya Malindi hadi Mokowe altaneta inazunguka; inaijaza betri ya nyumba, hiyo ya chini ya kitanda? Wengi huvuta waya wa milimita 2.5, ule wa soketi za nyumbani. Mita 5 kwenda na 5 kurudi, ampea 20 zikipita, unapoteza volti 1.4 njiani. Altaneta inatoa 14.2, betri inapokea 12.8, na 12.8 haijazi kitu. Tia waya wa 16: unapoteza 0.2 tu. Weka rilei, yaani swichi ya umeme, ya ampea 80 inayounganisha betri ya injini na ya nyumba injini ikiwaka, na fyuzi ya 60 kila upande wa waya, karibu kabisa na kila betri, kwa sababu umeme unaweza kuja kutoka pande zote mbili. Fyuzi moja katikati ni pambo.

Kontrola nayo iweke 14.4 wakati wa kujaza na 13.5 ikishajaa. Hizo ni volti za nyuzi joto 25. Betri ikiwa na nyuzi 35, na chini ya kitanda inafika, punguza 0.2 kila moja. Kontrola yenye kipima joto cha waya inafanya hivyo yenyewe, mradi kile kipima joto kibandikwe kwenye betri.

Ukitaka kujua kama hiyo N70 ina uhai, ichaji mpaka ijae, chomoa nyaya zote, iache usiku mzima. Asubuhi pima. Volti 12.6 kwenda juu ni nzuri, 12.2 ni nusu. Kisha haidromita, seli zote sita, uandike. Tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini ikifika 0.050, imekwisha, na hakuna chupa itakayoirudisha. Ila kwa hiyo iliyomwagwa na kujazwa upya, usiamini volti wala haidromita, zote mbili zinaisoma asidi mpya. Iwekee taa ya wati 55: ikiwa imejaa inapaswa kuiwasha zaidi ya saa 6 kabla ya kushuka 12.2. Ikifa baada ya saa moja, umeshajua.

Ndiyo maana betri mpya haiungwi ubavuni mwa mfu. Usiku kucha mpya inamlisha mfu, na baada ya mwezi una wawili. Nunua mbili za 100 za pleti nene, siku moja, aina moja, na uongeze sola ifike wati 300. Lithiamu moja ya 100 ingetosha kwa nafasi, lakini inataka chaja yake maalumu kutoka kwenye altaneta na kontrola iliyowekewa volti zake; usiiunge kwenye mfumo huu kama ulivyo.

Chini ya kitanda mnacholalia kuna betri ya vifuniko inayotoa haidrojeni ikichajiwa. Gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche ya rilei inatosha kuilipua. Ifungie kwenye sanduku lenye mfuniko na mpira wa kutolea hewa juu yake mpaka nje ya bodi. Kutu ya kijani na nyeupe kwenye terminali, ambayo hewa ya bahari itakuletea kila mwezi, ioshe kwa kijiko cha bikaboneti ya soda kwenye kikombe cha maji, vifuniko vikiwa vimekazwa. Suuza, kausha, kaza nati, ndipo upake vaselini.

Na ile asidi ya kwanza ya betri yako, fundi aliimwaga wapi? Kwa kawaida ni mtaroni, au mchangani ubavuni mwa kibanda, ambapo kuku wanaparura na watoto wanapita peku. Asidi iliyotoka kwenye betri chakavu imebeba risasi, na risasi haiozi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua vizuri kuliko mtu yeyote pwani hii: kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwa mtaa wao, watoto wakaugua, mwanaharakati Phyllis Omido akalivalia njuga, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Huko kilikuwa kiwanda. Huku kila kibanda kinachomwaga asidi kinafanya kazi hiyohiyo kwa kikombe.

N70 yako irudishe dukani ikiwa na asidi yake ndani, imesimama wima. Maduka mengi hukata bei ya mpya ukileta kuukuu, na wanaipima kwa kilo. Ukiimwaga asidi itakuwa nyepesi, nao wataona.